Unatafuna Odowa na Barafu Kila Siku? Hii Hapa Stori ya Damu Yako Ambayo TikTok Haikuambii

Ingia TikTok saa hii uandike odowa. Utapata dunia nzima huko. Kuna dem amekaa kwa kitanda, taa ya duara iko mbele yake, anavunja jiwe la kijivu karibu na maikrofoni mpaka unasikia kra-kra-kra kwa masikio yako. Mwingine ana bakuli ya barafu anatafuna kama popkoni za sinema. Mwingine ana kikombe cha mchele mbichi, anauchota na kijiko na anaangalia kamera kama hakuna kitu mbaya inaendelea.

Shuka kwa komenti sasa. Nusu ya watu wanasema mate imewajaa mdomoni. Robo wanauliza ananunua wapi. Waliobaki wanampa pongezi za mimba, hata kama hajasema ako na mimba. Halafu huko chini kabisa utapata mtu mmoja, pengine ni nesi ama mwanafunzi wa udaktari, ameandika kitu fupi tu: enda upimwe damu. Hapati laiki. Watu wanampita kama kanjo.

Leo tuko na huyo mtu wa mwisho. Kwa sababu kwa hiyo video yote, yeye peke yake ndiye ameona kitu chenye kinaendelea.

Hii kitu iko na jina

Hamu ya kula vitu ambavyo si chakula madaktari wanaiita pica. Jina limetoka kwa Kilatini, ni jina la ndege mmoja wa Ulaya ambaye watu wa zamani waliamini anaokota na kumeza chochote anachopata. Ndani ya hiyo pica kuna familia kubwa: kuna wa udongo na mawe laini kama odowa, kuna wa barafu, kuna wa wanga mbichi kama mchele na unga, na kuna wa chaki, makaa, majivu na karatasi ya choo. Kuna hata wale ambao hawali kitu, wanataka tu harufu. Unajua ile harufu ya vumbi mvua ikianza kunyesha? Ama petroli ukipita karibu na stesheni? Madaktari wameandika kuhusu wagonjwa waliokuwa wakitamani harufu za aina hiyo kila siku, na walipopimwa wakapatikana akiba yao ya madini ya chuma imeisha.

Kwa hivyo kama ni wewe, kwanza tulia. Huna wazimu, hujarogwa, na si lazima uwe na mimba. Pia hauko peke yako. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 uliangalia watoto 285 wa shule za magharibi mwa Kenya na ukapata asilimia 73 kati yao walikuwa wanakula udongo. Kiwango cha kawaida kilikuwa gramu 28 hivi kwa siku. Wavulana wakikua wengi waliacha. Wasichana wengi waliendelea. Hiyo tofauti iweke kwa mfuko, tutairudia.

Pwani nayo, watafiti walienda Kilifi kuongea na wajawazito. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanakula udongo mara kwa mara. Lakini kilichonigusa ni vile hao kina mama walivyoeleza wenyewe. Waliunganisha kula udongo na mimba, na minyoo, na upungufu wa damu, na ugonjwa wenye Wapwani wanauita safura, ambao ni ile hali damu imekuwa dhaifu. Hiyo ni miaka ya tisini, kabla hata simu za mkononi zifike mtaani. Mama wa Kilifi alikuwa ashajua hii kitu ni mambo ya damu. Sisi na bando zetu zote bado tunauliza duka iko wapi.

Chuma kinafanya nini ndani yako

Mwili wa mtu mzima uko na gramu 3 hadi 4 tu za madini ya chuma. Hiyo ni kama uzito wa msumari mdogo. Zaidi ya nusu ya hicho chuma kiko ndani ya hemoglobini, ile kitu inafanya damu iwe nyekundu na inayobeba oksijeni kutoka kwa mapafu kupeleka kwa ubongo, moyo, misuli, na mtoto kama uko na ball.

Fikiria damu yako kama stendi ya matatu. Hemoglobini ni magari, oksijeni ni abiria. Chuma kikipungua, magari yanakuwa machache na yale yanatoka ni madogo. Abiria wanajaa stendi. Mwili unajaribu kufidia: moyo unapiga haraka, unapumua kwa nguvu ukipanda ngazi za ghorofa ya pili, kichwa kinauma, unalala saa tisa na unaamka umechoka. Watu wanakuambia wewe ni mvivu. Bosi anasema huna bidii. Kumbe magari yameisha stendi.

Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito akiwa na hemoglobini chini ya gramu 11 kwa kila desilita ya damu (10.5 kwa miezi mitatu ya katikati ya mimba), hiyo ni anemia. Mwanamke asiye na mimba, mstari uko 12. Mwanaume, 13. Hizi namba ziandike mahali, zitakusaidia siku ukipewa karatasi ya maabara na mtu akuambie tu "uko sawa".

Lakini kuna mtego. Chuma kinaweza kuisha kwa stoo kabla hemoglobini haijashuka. Hiyo stoo inapimwa na kipimo kingine kinachoitwa feritini. Ndiyo maana mtu anaeza pimwa, aambiwe damu iko juu, na bado anamaliza trei ya barafu kila usiku. Stoo iko tupu, duka bado liko na vitu vichache mbele. Mteja hawezi jua.

Barafu: hapa ushahidi uko wazi

Ya barafu ndiyo imechunguzwa na kueleweka zaidi. Madaktari Marekani waliandika kuihusu kwa undani miaka ya 1960, na wakaona mgonjwa akipewa chuma, ile hamu inaisha. Siku hizi madaktari wanajua inaweza kuisha ndani ya siku au wiki chache, hata kabla damu yenyewe haijapanda vizuri. Mtu aliyekuwa anatafuna barafu miaka miwili anaamka siku moja na hataki hata kuiona.

Mbona barafu na haina chuma hata kidogo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio dogo mwaka wa 2014. Waliwapa watu kazi ya kompyuta inayotaka umakini. Wale waliokuwa na upungufu wa chuma walikuwa wanachelewa, lakini wakishatafuna barafu waliamka wakawa sawa na wengine. Wale wenye damu nzuri barafu haikuwasaidia kitu. Wazo lao ni kwamba baridi inasukuma damu zaidi kwenda kwa ubongo, kama kujimwagia maji usoni ukiwa na usingizi. Bado ni wazo, jaribio lilikuwa dogo. Lakini kama wewe hutafuna barafu ofisini saa nane mchana ndio uweze kuendelea na kazi, hiyo inaeza kuwa stori yako.

Udongo: hapa mambo yanakuwa magumu

Kwa udongo na odowa, wasomi bado wanavutana. Swali ni la kuku na yai. Je, chuma kikiisha ndiyo unatamani udongo? Ama ni udongo unaokumaliza chuma?

Kitu kimoja hakuna ubishi: hivi viwili vinatembea pamoja. Uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti nyingi za dunia, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulipata watu wenye pica wana uwezekano zaidi ya mara 2 wa kuwa na anemia kuliko wasio nayo. Watoto wa magharibi mwa Kenya waliokula udongo pia walipatikana na akiba ndogo ya chuma.

Lakini Lusaka, Zambia, watafiti walijaribu kuwapa watoto wa shule chuma waone kama wataacha udongo. Hawakuacha kwa sababu ya chuma. Ile kitu imefanya kazi kwa barafu haikufanya kwa udongo. Inaonyesha hamu ya udongo inaweza kuwa na mizizi mingi: tumbo kusumbua, kichefuchefu cha mimba, mazoea ya nyumbani, shosho kukuonjesha ukiwa mdogo, stresi, na ladha tu.

Upande ule mwingine, utafiti wa Uturuki wa mwaka wa 1968 ulionyesha aina fulani ya udongo mtu akiumeza unazuia tumbo kuchukua chuma kutoka kwa chakula na dawa. Udongo wa mfinyanzi unashika vitu. Ndiyo maana unatulia tumbo likisumbua, unashika ule uchafu. Tatizo ni kwamba hauchagui. Unaeza kushika na chuma pia.

Ukiweka hizo mbili pamoja unapata duara baya. Chuma kinapungua, hamu inakuja, unakula jiwe, jiwe linazuia chuma kidogo kilichobaki kwa sahani, chuma kinapungua zaidi, hamu inapanda. Si kila mtu yuko kwa hilo duara na si kila udongo unafanya hivyo. Lakini kama umeona kipande kimoja kwa siku kimekuwa pakiti, jiulize.

Na hilo jiwe lenyewe je?

Kuna watu wanatetea odowa wakisema ina madini. Ni kweli, udongo una madini. Shida ni madini gani, na yanatoka wapi. Chuma cha udongo mwingi mwili hauwezi kukichukua vizuri. Na pamoja nacho kunaweza kuwa na risasi, ile metali nzito, na aseniki. Uingereza, shirika la serikali la viwango vya chakula limewaonya wajawazito wasile mawe kama haya yanayouzwa kwa maduka ya Waafrika huko, yale ya Nigeria wanaita nzu, kwa sababu yalipopimwa yalikuwa na risasi ya juu. Risasi inaumiza ubongo wa mtoto aliye tumboni na haina kiwango unachoweza kusema ni salama.

Sasa fikiria odowa yako. Imechimbwa mahali, ikawekwa kwa gunia, ikapanda lori, ikamwagwa sokoni, ikakatwakatwa, ikauzwa bei ya peremende. Siku hizi kuna wenye wanaipanga vizuri kwa pakiti na kukuletea na boda. Pakiti safi haimaanishi jiwe limepimwa. Muulize muuzaji limetoka machimbo gani. Wengi hata wao hawajui, na si kosa lao, wanatafuta unga kama sisi wote.

Halafu kuna minyoo. Ile timu iliyofuatilia watoto wa shule magharibi mwa Kenya ilipata wale wanaokula udongo waliambukizwa tena minyoo ile mikubwa ya tumbo haraka zaidi baada ya kutibiwa. Minyoo mingine, safura wenyewe, inapenya kwa ngozi ya miguu ukitembea pekupeku, inajishika kwa utumbo na inafyonza damu. Unaona vile jina moja la Pwani limebeba ugonjwa wa damu na mdudu anayeuleta. Wazee hawakuwa wajinga.

Sasa tuongee siasa kidogo, usikimbie

Kwa nini hii ni habari na si tu mambo ya afya ya Jumapili? Kwa sababu uchunguzi wa kitaifa wa lishe wa mwaka wa 2011 ulipata kama wajawazito 4 kati ya 10 nchini Kenya wana anemia. Dunia nzima, takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka wa 2019 zinasema ni asilimia 37. Hiyo si ugonjwa wa watu wachache wa ajabu kwa TikTok. Chukua foleni ya kliniki ya wajawazito yenye watu kumi, wanne wao magari yamepungua stendi.

Na hii inaua. Sensa ya 2019 ilikadiria wanawake 355 wanakufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kinachoongoza ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mwanamke mwenye damu ya kutosha akipoteza nusu lita, mwili unaeza kuhimili. Mwenye hemoglobini ya 7 akipoteza hiyo nusu lita, tayari ni vita. Halafu benki ya damu inaambiwa haina kundi lake. Ile hamu ya odowa mwezi wa tano wa mimba na ile simu ya usiku kwenda kwa familia zinaweza kuwa sura ya kwanza na ya mwisho ya stori moja.

Ile tofauti ya wasichana na wavulana niliyokuambia uweke kwa mfuko, itoe sasa. Msichana akianza hedhi, kila mwezi anapoteza chuma. Kama hedhi ni nzito anapoteza zaidi. Akishika mimba, mimba yote inadai karibu gramu 1 nzima ya chuma, na tulisema mwili wote uko na gramu 3 hadi 4. Anazaa, ananyonyesha, anashika nyingine kabla stoo haijajaa. Na kwa meza, nyama ikipikwa, kipande kikubwa kinaenda kwa nani? Jibu unalo. Kwa hivyo yule anayehitaji chuma zaidi ndiye anapata supu na mfupa.

Serikali si kwamba imekaa tu. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe chuma na virutubisho vingine. Angalia pakiti yako, kuna nembo. Hiyo ni sera nzuri sana, kwa sababu ugali tunakula wote. Lakini nani hanunui unga wa pakiti? Ni yule mwenye anapeleka gorogoro yake ya mahindi kwa kisiagi cha mtaa, kwa sababu ni nafuu. Huo unga hauongezwi kitu. Bei ya pakiti ikipanda, watu wengi zaidi wanarudi kwa kisiagi, na chuma kinabaki kwa rafu ya supamaketi. Kila wakati wanasiasa wakipigana kuhusu bei ya unga, wanapigania pia damu ya watu, hata kama hawajui.

Pia kuna tembe. Mjamzito akienda kliniki ya serikali anafaa kupewa tembe za chuma na asidi ya foliki, ameze kila siku mpaka ajifungue. Ni bure. Kwa nini basi bado tuko na wanne kwa kumi? Kwanza, wengi wanaanza kliniki wakiwa miezi sita. Pili, siku nyingine unaambiwa dawa zimeisha, rudi wiki ijayo, na nauli ya kurudi hakuna. Tatu, hizo tembe ni ngumu: zinaleta kichefuchefu, tumbo linafunga, choo kinakuwa nyeusi kama lami. Kama hakuna mtu alikuelezea hiyo ni kawaida, utazitupa nyuma ya kabati na useme zinakuua. Nesi mwenye foleni ya watu sitini hana dakika tano za kukuelezea. Hizo dakika tano ndizo zinakosekana, kuliko hata dawa.

Halafu kuja SHA. Mwezi wa Oktoba 2024 NHIF ilienda na Linda Mama ikabadilishwa ikawa Linda Jamii. Kwa karatasi, ukishajisajili, huduma za msingi kwa dispensari na kituo cha afya zinafaa kulipiwa na hazina ya serikali. Kwa hivyo kipimo cha damu cha kawaida hakifai kuwa cha matajiri. Kama umejisajili, enda ukakidai. Ukiambiwa mashine imeharibika, uliza itatengenezwa lini na uliza kwa sauti. Hiyo pia ni siasa.

Maboys, msijifiche nyuma ya hii stori

Najua kuna msee amesoma mpaka hapa akisema hii ni mambo ya wadem. Sikiza. Mwanaume hana hedhi wala mimba. Kwa hivyo mwanaume mzima chuma chake kikipungua, daktari mzuri atauliza kitu kimoja haraka: damu inatokea wapi? Mara nyingi ni ndani. Inaeza kuwa vidonda vya tumbo, hasa kama wewe ni wa kumeza dawa za maumivu kila wikendi baada ya keg. Inaeza kuwa minyoo. Kwa wazee, inaeza kuwa saratani ya utumbo mkubwa inavuja polepole bila uchungu. Hata shosho aliyemaliza hedhi zamani anaingia hapa. Mbuyu wako akianza kutafuna barafu na kuchoka bila sababu, usimcheke. Mpeleke.

Sasa ufanye nini

Mimi si daktari, hata chuo niliachia katikati. Haya ni mambo unayofaa kubeba ukienda kuonana na mwenye alimaliza.

Ya kwanza, pimwa kabla ya kumeza chochote. Itisha kipimo kamili cha damu, na kama unaweza, feritini. Usiende duka la dawa kununua chuma kwa kubahatisha. Kuna anemia ambayo haitokani na chuma. Selimundu ni mfano, na kwa familia nyingi za Nyanza, Magharibi na Pwani ni kitu cha kawaida. Mtu wa selimundu aliyeongezwa damu mara nyingi anaeza kuwa na chuma kimezidi tayari. Kumuongezea ni kumuumiza.

Ya pili, mwambie daktari ukweli. Sema ni odowa, sema ni barafu, sema ni pakiti ngapi. Watu wanaficha kwa aibu, na daktari naye hakuulizi, na mnaachana nyinyi wawili na siri moja. Kama hedhi yako inamaliza pakiti ya pedi kwa siku mbili, sema pia. Hiyo inaeza kuwa faibroidi, na utameza chuma miaka kumi bila kuziba shimo.

Ya tatu, ukipewa tembe, meza na kitu kama chungwa ama maji ya ndimu, na uziweke mbali na chai. Kizuri ni kuendelea kama miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ndio stoo ijae. Watu wengi wanaacha wakisikia nguvu imerudi, na baada ya miezi sita wako kwa odowa tena. Na hizo tembe zifungie juu ambako mtoto hafiki. Mtoto mdogo akimeza nyingi akidhani ni peremende, zinaweza kumuua.

Ya nne, sahani. Maini, nyama, matumbo, omena na samaki zina chuma ambacho mwili unakichukua haraka. Maharagwe, ndengu, kunde, terere na managu ziko nacho pia, lakini kinataka msaada wa vitamini C, kwa hivyo kamulia ndimu ama kula chungwa baadaye. Chai nayo, najua nakugusa mahali pabaya, chai ya rangi ama ya maziwa ukiinywa pamoja na githeri inafunga kile chuma. Ngoja saa moja ama mbili. Kericho haitafunga kwa sababu umechelewesha kikombe.

Na tafadhali, soda ya rangi ya zambarau haiongezi damu. Ule mchanganyiko wa soda na yai mbichi wenye unapewa hospitalini na shangazi, hapana. Juisi ya bitiruti ni tamu na ni chakula kizuri, lakini wekundu wake si wa chuma. Rangi nyekundu haibadiliki kuwa damu, la sivyo mandazi za Krismasi zenye rangi zingetutibu.

Kwa wenye wanauza na wenye wanarekodi hizo video, sina noma na nyinyi. Kila mtu anatafuta. Lakini kama una watu elfu hamsini wanakuangalia ukitafuna, siku moja tumia hizo sekunde kumi za mwanzo kusema umeenda kupimwa na umeambiwa nini. Utashangaa ni wangapi walikuwa wanangoja mtu wa kuwaambia.

Na wewe unayesoma hii na kikombe cha barafu mkononi, usiache kwa sababu nimekutisha. Ukiacha kwa nguvu bila kujua chuma kiko wapi, utakuwa umezima tu taa ya mafuta kwa dashibodi na tanki bado iko tupu. Maliza hicho kikombe. Halafu wiki hii, si mwezi ujao, tafuta dispensari ya karibu, toa kidole, uitishe ile namba yako. Ukiipata chini ya mstari wako, sasa unajua pa kuanzia. Ukiipata juu, uliza kuhusu feritini. Na ukitoka hapo mtumie hii stori yule beshte yako mwenye mfuko wa odowa hauishi kwa kibeti. Unamjua. Kila mtu ana mmoja.